Mhusika Wangu Alivyoacha Kazi

Kitabu cha pili cha mfululizo wangu kilikwama pale mhusika mkuu, mfanyakazi wa ndani katika mtaa wa Al Barsha huko Uarabuni, anapotukanwa na madam, mwajiri wake, na kuondoka akibamiza mlango. Baada ya hapo sikuweza tena kumwona akilini. Nikamsomea sura hiyo jirani yangu Mganda, aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi.

Alicheka. "Dada, huyu wako hajawahi kufanya kazi! Sare za watoto kamwachia nani?"

"Si amekasirika?"

"Hata mimi nilikasirika. Nikazipiga pasi sare zote, nikawaaga watoto, ndipo nikasema khalas, basi, kazi imekwisha."

Niliiandika sura upya. Mwanamke wangu alinyoosha mashati manne ya shule bila kuunguza hata moja, na madam, alipouona utulivu huo, ndiye aliyeanza kuogopa kuachwa. Mtu kama huyo ningeweza kumfuata kwa vitabu vitatu vingine.