Yai Lililosuguliwa kwa Majivu

Mama hakuniamini hata kidogo kuhusu yule jogoo. Nilimleta nyumbani kwetu Dunda kutoka kwa mfugaji mmoja wa Kaole ambaye kuku wake hutaga mayai ya bluu, nikamtia bandani pamoja na majike wangu wanaotaga mayai ya kahawia. Nikamwambia Mama kwamba watoto wao watataga mayai ya kijani. Akaniangalia vile anavyomwangalia muuza samaki anayeapa kuwa samaki wake ni wa leo.

"Jogoo hatagi, mwanangu. Hiyo rangi ataitoa wapi?"

Miezi ikapita, vifaranga wakawa mitetea, yai halionekani. Jogoo naye akanenepa, kazi yake kuparua mchicha wa Mama. Mwisho Mama akakata shauri: Idi ikifika kabla ya yai la kijani, jogoo anaingia kwenye pilau, maana wakwe wa kaka yangu wanakuja na hawatashiba maneno yangu. Nilicheka naye, lakini hofu ilinishika. Nilishampenda yule mbabe, na mbegu ile sikuwa na nyingine.

Siku moja kabla ya Idi nilirudi kutoka kununua viungo, nikamkuta Mama amechuchumaa uani na kopo la majivu, anasugua kitu kwa kumbi la nazi. Kwetu yai haliingii jikoni na kinyesi cha kuku. Mama huosha mayai yote, asije akatia najisi kwenye chakula.

"Hili lina ukungu," alisema. "Limegoma kutakata."

Nikaiona rangi ya kijani kati ya vidole vyake. "Mama, liache hilo."

Likapasuka.

Niliumia, sifichi. Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga. Mama alimwaga kiini, akalisuuza ganda, akaligeuza juani. Ndani lilikuwa la bluu hafifu, rangi ya mayai ya kwao jogoo, safi kabisa.

"Uchafu haupenyi mpaka huku," akasema taratibu.

Akavaa baibui lake, akaenda sokoni mwenyewe, akarudi na kuku wawili wa kuchinja.

Siku ya Idi, wakwe walipokwisha kukaa mkekani, Mama aliwapitishia lile ganda kwenye kisahani cha kahawa, mmoja baada ya mwingine.

"Binti yangu aliniambia, nikamwona mwongo," alisema. "Mbele yenu namwomba radhi."

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akimwomba radhi mtoto wake. Nilikimbilia jikoni, nikasema naangalia wali.