Siku Niliyoitika Jina la Mwenzangu

Wasomaji wangu, Jumanne nililetewa habari kwamba mama aliyekuwa matroni wa bweni letu chuoni amefariki kwao Masoko, na ameshazikwa. Mnategemea nimsifu, lakini sina uso wa kumsifu. Mama yule alifukuzwa kazi kwa uongo wangu, na leo ndiyo mara ya kwanza nausema hadharani.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, miaka ile biashara ilipofunguliwa, na maduka ya Tukuyu yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yakajaa redio kaseti, vitenge na pombe kali za kila rangi. Wasichana wa mwaka wa pili tulikuwa na kikundi chetu chenye sare ya kitenge, na mgeni hakuingia mpaka “abatizwe”, yaani anywe kikombe kizima cha pombe kali bila kupumua huku tukimpigia makofi. Tuliona huko ndiko kwenda na wakati. Jumamosi moja mchana tulimbatiza binti mpole wa Masukulu, ambaye hata kimpumu, pombe ya ulezi ya kwao, hakuwahi kuionja. Alianguka. Kwa kuogopa kufukuzwa, tukamlaza kwenye stoo ya masanduku, tukafunga mlango. Jioni matroni alipoita majina barazani, mvua ikipiga mabati, jina la yule binti lilipofika niliitika mimi, kwa sauti nyembamba: “Nipo!” Akatia alama daftarini, akaendelea.

Wakati wa chakula aliona sahani moja haina mwenyewe. Akafungua mlango mmoja baada ya mwingine hadi stoo, akamkuta mtoto wa watu amelala kifudifudi kwenye matapishi. Alimbeba mgongoni, kwenye mvua ile, mpaka hospitali. Daktari alisema angechelewa kidogo angeleta maiti. Binti alipona, ila chuoni hakurudi tena.

Kamati ya nidhamu ilimuuliza matroni nani aliitika. Wasichana wote wa bweni tuliitwa kusikiliza, nami nilikuwa nimekaa pale, nimeinamisha kichwa. Akanitazama, kisha akasema, “Masikio yangu yamezeeka.” Akafukuzwa kwa uzembe. Mimi nikahitimu.

Miaka ikapita, nikamkuta sokoni Tukuyu akiuza ndizi. “Ugonile, mwalimu!” akanisalimu kwa Kinyakyusa, kwa furaha kabisa. Nikaanza kulia. “Mama, nisamehe, ile sauti...”

“Sauti yako niliijua siku ileile. Yule mtoto umemwomba radhi?”

“Bado, mama.”

“Basi usianzie kwangu. Mimi nilipoteza mshahara tu. Nenda Masukulu.”

Tunapenda kulaumu soko huria na chupa zake. Chupa haikufunga mlango wa stoo, wala haikuitika jina la mtu. Ninyi mlioko mabwenini leo, mwenzenu akizidiwa na kinywaji, pigeni kelele, iteni mtu mzima, hata kama mtafukuzwa wote. Aibu ya kufukuzwa hupoa; hii yangu haijapoa. Kutoka hapa nyumbani kwangu hadi Masukulu ni mwendo wa asubuhi moja, na mpaka mama yule anazikwa nilikuwa sijaenda.