Aliniambia kwa Kiswahili, Nikayapeleka kwa Kiingereza

Admin, nakuomba uniwekee kisa changu, ila jina langu na ofisi yangu uvifiche, maana hapa Sydney Waswahili tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, Mtanzania, mzaliwa wa Tanga. Naishi kitongoji cha Toongabbie na binti yetu mmoja na mume wangu, ambaye anaendesha lori la makontena bandari ya Port Botany. Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu. Viza yetu sote watatu imeshikiliwa na kazi hiyo. Nikiachishwa leo, tunaanza kuhesabiwa siku za kuondoka.

Miezi michache iliyopita bosi wangu alinichukua tukakague hospitali moja ndogo ya mashambani, mwendo wa siku nzima kwa gari. Mafuriko yalikuwa yameingia mle, na serikali ya shirikisho ikatoa fedha za msaada ili wanunue vitanda na kukarabati wodi ya wazazi. Sisi tulitakiwa kuangalia kama fedha zimefanya kile zilichoombewa.

Siku ya kwanza tu niliona mambo hayajakaa sawa. Karatasi zilisema vitanda kumi na viwili vimepokelewa. Tulizunguka wodi zote, stoo, mpaka banda la nyuma linalowekwa mashine za kukatia majani. Hakuna kitanda kipya hata kimoja. Na hati zote za mapokezi zilikuwa na sahihi ya mtunza stoo, mama wa Kikongo ambaye nitamwita Mama Neema.

Aliposikia natoka Tanzania alinisalimia kwa Kiswahili, machozi yakimlengalenga. Alisema mji mzima hana mtu wa kuongea naye, hata wanawe wanamjibu kwa Kiingereza. Mchana aliniletea ugali na sombe, kisamvu cha Kikongo. Najua mkaguzi hali chakula cha anayemkagua. Nilikula, na nikamaliza.

Siku ya tatu bosi akamwita kwa maswali. Kiingereza kilimkwama, akanigeukia mimi. Bosi akasema aongee tu lugha yake, nitamtafsiria. Na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilimwambia, "Mama, sema ukweli wote. Mimi nipo."

Akaniamini, akasema yote. Kwamba fedha za vitanda zililipa mishahara ya wakunga, kwani bila hivyo wodi ya wazazi ingefungwa. Kwamba meneja wa hospitali ndiye aliyemwambia asaini kana kwamba vitanda vimefika, vingenunuliwa baadaye.

"Binti yangu, sikuiba hata senti," alisema kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Chef, huyu meneja, aliniambiaka nisaini, nikasaini. Wodi ikifungwa, wamama watazalia mu njia. Mimi nilizaliaka mu njia tukikimbia vita, mtoto akakufa. Ningekataa namna gani?"

Nilitafsiri neno kwa neno. Bosi akaandika, akamwekea Mama Neema karatasi mbele, naye akasaini.

Tuliporudi mjini nikasoma rasimu ya ripoti. Ilisema mtunza stoo amekiri kusaini mapokezi ya vitu visivyofika. Basi. Amri ya meneja haikuwemo. Nilipouliza, bosi alinieleza kuwa meneja amekana, hakuna karatasi wala barua pepe inayoonyesha amri hiyo, na sisi hatuandiki tusichoweza kuthibitisha. Nikasema hata yule mama aliongea kwa mdomo. Akanijibu kwamba kukiri kwa yule mama kuna sahihi yake. Hakuwa mkali. Aliniuliza kwa upole kama nimechoka, nichukue siku mbili za mapumziko. Ripoti ilitakiwa Ijumaa ileile, na jina langu lilikuwa chini yake. Nikasaini na mimi.

Sasa Mama Neema amesimamishwa kazi. Wodi ya wazazi imefungwa, wajawazito wanakwenda kujifungua mji wa mbali. Meneja amehamia hospitali nyingine na cheo chake kilekile.

Wiki iliyopita mdogo wake Mama Neema, anayeishi Auburn, hapa hapa Sydney, alipata namba yangu kupitia watu wa kanisani kwao. Akanieleza kuwa kikao cha kuamua kama dada yake afukuzwe ni Alhamisi hii, na wanaomba niende nikaseme yale yote niliyoyasikia, siyo nusu. Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu.

Mkataba wangu unanikataza kutoa neno lolote la ukaguzi nje ya ofisi. Nilimwandikia mkuu wa ofisi nikiomba maelezo ya yule mama yaongezwe yote, nikajibiwa kwa mistari miwili kwamba ripoti imeshapokelewa na faili limefungwa. Nikampigia mwanasheria wa msaada wa bure, nikaambiwa nafasi ya karibu ni baada ya wiki tatu. Mume wangu nilipomweleza akasema, "Mke wangu, huyo mama ana uraia. Sisi tuna nini?" Hakusema uongo.

Jana Mama Neema mwenyewe amenitumia ujumbe wa sauti. Nilidhani atalia au atanilaani. Alinisalimia vizuri, akauliza hali ya mtoto wangu, kisha akasema, "Kama utaogopa kuja, usikuje, nitaelewa. Ila niambie kitu kimoja tu. Ile siku, maneno yangu uliyafikishaka yote?"

Niliyafikisha yote, wallahi. Lakini nikimwambia hivyo atauliza mbona hayapo kwenye ripoti, na chini ya ripoti kuna jina langu.

Nimeusikiliza ujumbe huo nikiwa kwenye treni, jikoni, na chooni ofisini. Bado sijajibu. Ndugu zangu mnaosoma, nimjibu nini? Na Alhamisi niende, au nikae?