Usaili wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliomba chuo kimoja cha ng'ambo, kusoma kompyuta na falsafa kwa pamoja. Walipomwita kwenye usaili wa mtandaoni, akaniambia kwamba mimi ndiye nitakayekuwa profesa wake wa mazoezi. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Neno falsafa nilikuwa nalisikia kwa mapadre tu.

"Wewe uliza, dada," alisema. "Halafu usionyeshe kama nimepatia au nimekosea. Wao ndivyo wanavyofanya."

Tuliishi wawili, kwenye vyumba nilivyopanga Mkolani, juu mlimani. Mama alikuwa Magu na mpunga wake. Mdogo wangu alizaliwa na seli mundu, na alikuja kukaa kwangu akiwa bado shule ya msingi ili awe karibu na kliniki. Wanaoujua ugonjwa huo wanajua ulivyo: leo mtu anacheka, kesho mifupa inamuuma mpaka hawezi kugeuka kitandani. Macho yake yalikuwa ya njano kidogo. Alipojiona kwenye skrini mara ya kwanza alisema, "Watadhani ni taa."

Tulifanya mazoezi jioni, nikishatoka shuleni. Nilitundika kitenge ukutani nyuma yake kuficha palipobanduka rangi. Yeye alikaa na kompyuta sebuleni, mimi chumbani na simu, nikampigia kwa picha kama vile niko nchi nyingine. Sauti yake niliisikia mara mbili: kwanza kupitia ukutani, kisha kwenye simu, ikichelewa.

Maswali mengine alinitungia mwenyewe. Mojawapo lilikuwa la dagaa. Una rundo la dagaa; ukitoa mmoja, bado ni rundo? Ukitoa mwingine? Linaacha kuwa rundo lini?

"Ukimuuliza hivyo mama muuza dagaa, atakufukuza," nilimwambia, nikisahau uprofesa wangu.

"Atanifukuza, lakini atakuwa hajajibu." Akacheka, kisha akakaa vizuri. "Kompyuta lazima uiambie rundo linaishia wapi. Binadamu hajawahi kuambiwa na bado ananunua dagaa. Hapo ndipo ninapotaka kusoma, dada. Hapo katikati."

Siku nyingine nilimuuliza swali nililolikuta kwenye mtandao: ukitengeneza mashine inayolia ikipigwa, utajuaje kama inaumia kweli?

"Wodini wananiuliza maumivu yangu ni mangapi, kuanzia moja mpaka kumi," alisema. "Nikisema saba, wanaandika saba. Hakuna anayeyaona. Wananiamini tu, wananipa dawa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo labda kumjua mwenzako kunaanza na kumwamini. Sasa mashine sijui tuiamini kwa lipi."

Aliniambia nisionyeshe kama amepatia. Nilizima kamera yangu nikasingizia mtandao.

Mvua zilipoanza, kifua kikambana. Tulidhani ni mafua, lakini usiku ule ule homa ikapanda na asubuhi nikampeleka hospitali. Wakamwekea oksijeni. Mama akaja kutoka Magu, akanikuta nimeinama kitandani naandika kwa niaba ya mgonjwa barua pepe ya kukiomba chuo kisogeze tarehe ya usaili.

"Mwache mtoto apumzike na hayo maswali yenu," mama alisema.

"Mama, maswali hayaumi," mdogo wangu akajibu, sauti ikitoka kidogo kidogo.

Chuo kilijibu kwa upole, wakampa siku nyingine. Aliposoma alifurahi, akataka tuendelee na mazoezi pale pale, kwa kunong'ona, mpaka nesi akatukemea. Nilimwahidi tutaendelea akipata nafuu. Nafuu haikuja. Alifariki asubuhi, mama amemshika mkono, mimi nimetoka kuchukua uji.

Tulimzika Magu. Katika shughuli za msiba sikukumbuka kuwaandikia wale watu. Nilikumbuka siku yenyewe ya usaili, nimekaa mkekani na akina mama, kwamba kuna walimu mahali fulani wanamsubiri. Nilitoka nikapanda jiwe lililo nyuma ya nyumba, mahali mtandao unaposhika, nikafungua kwenye simu yangu kiungo cha usaili walichotuma kwenye barua pepe yao.

Walikuwa wawili: mama mmoja mwenye mvi na kijana mwenye ndevu. Walitabasamu, wakaniita kwa jina lake, wakaniuliza kama nawasikia vizuri.

Kiingereza changu ni cha darasani. Nikasema, "Mimi ni dada yake. Mdogo wangu amefariki. Nimekuja kuwaambia msimsubiri."

Nikaona yule mama mwenye mvi akifuta macho. Walinipa pole. Nilitegemea wataaga, lakini kijana akauliza kwa sauti ya chini kama ningependa kuwasimulia alikuwa mtu wa namna gani.

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikawaambia alivyokuwa akibishana na watangazaji wa redio kana kwamba wanamsikia. Alivyokataa kubebewa begi hata siku ambazo mlima wetu ulimshinda, akikaa juu ya mawe kila baada ya hatua chache na kudai anatazama ziwa. Maneno yaliponiishia kwa Kiingereza nilimalizia kwa Kiswahili, na hawakunikatiza. Waliniachia muda wote waliokuwa wamemtengea yeye.

Niliposhuka mama alikuwa ananitazama.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Walimu wa kile chuo, mama."

"Wamesemaje?"

"Wametoa pole. Wamesema ni msiba wao pia."

Akanyoosha khanga magotini. "Wangemchukua?"

"Sikuuliza."

"Wangemchukua," mama akasema, kisha akainuka kwenda kuwaaga wageni wa Misungwi waliokuwa wanaondoka.