Gari Nililoligonga kama Chungu

Wapo watu huku Ruangwa ambao wakiniona napanda chombo chochote, hata baiskeli, hunisihi nishike vizuri, na sina haki ya kuwakasirikia, kwa sababu nilichofanya siku ile nilikifanya mchana kweupe, kwa hiari yangu, na sehemu kubwa ya aibu nilijitengenezea kwa mikono yangu miwili. Nasimulia mwenyewe kwa kuwa wanaonisimulia wameanza kuongeza chumvi, wakati mkasa wenyewe ulishakolea siku nyingi.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka chuo kikuu kule Uganda, nikiwa na shahada moja, suti moja na maoni juu ya kila kitu. Nilikuwa nahoji. Nilihoji kwa nini kisima kilichimbwa bondeni, nilihoji kwa nini wageni hukaribishwa kwa maji kabla ya salamu, na mama alipokuwa anasonga ugali nilimwuliza ni nani aliyethibitisha kwamba lazima usongwe vile (alinijibu kwamba anayetaka kuthibitisha ashike mwiko). Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na watu walinivumilia kwa sababu ya mjomba.

Kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye watoto wa dada zake. Baba anakulea, lakini jambo likiwa zito anaitwa mjomba. Wangu, Mzee Mpitu, mnunuzi wa ufuta, ndiye aliyenisomesha, na siku zile alikuwa anatafuta gari. Hakutaka lori. Alitaka lile gari jipya lililokuwa limeanza kuletwa nchini, fupi, la mraba kama kasha, magurudumu yote manne yanavuta, ambalo wakala alisema linapanda mahali ambapo hata mbuzi husita. Lilikuwa limefika moja tu Nachingwea, na mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa amelikodolea macho, akingoja mjomba aseme hapana ili alichukue jioni ileile. Siku hiyohiyo ya kulitazama, watoto wengine wa dada zake mjomba walikuwa wanatoka jandoni Matambarale, naye alishajiapiza kwamba wapwa zake wataingia nyumbani kwa gari, jambo ambalo hakuna mjomba mwingine wa upande ule aliyewahi kulifanya.

Basi akaniambia twende wote, kwa kuwa mimi nimesoma, nikamtazamie kama limeundwa vizuri. Kutazama, hiyo ndiyo kazi aliyonipa. Laiti ningetazama tu.

Lakini na mimi mnielewe. Nachingwea wakati ule ilikuwa makaburi ya mashine. Wazungu wa ule mradi wa kulima karanga walileta matrekta yaliyosifiwa kwamba hayashindwi na kitu, kisha Wazungu wakaondoka, matrekta yakabaki porini yakiota nyasi, na karanga tukaendelea kula zile za mama zetu waliolima kwa jembe. Mtu aliyekulia kando ya maiti za vyuma kiasi kile, ukimwambia gari jipya ni imara, anakuuliza imara mpaka lini.

Wakala alikuwa Bwana Shomari, mtu mpole kutoka Lindi, mwenye kofia iliyonyooka na subira ambayo sikuipenda. Alilisimamisha gari karibu na soko, na kama kawaida watu wakajaa, maana Nachingwea ukisimamisha hata punda wa rangi mpya watu watajaa. Nikaliendea. Sasa, huku kwetu hununui chungu bila kukigonga. Unakishika, unakigonga kwa kidole kilichokunjwa, unatega sikio. Kikilia wazi ni kizima, kikilia kama kikohozi kina ufa. Hata jembe tunaligonga. Na mimi, msomi, mhoji wa desturi zote, nililisogelea gari lililotengenezwa Ulaya nikafanya nini? Nikaligonga kama chungu.

Likalia kama sufuria.

Nikamwuliza Bwana Shomari kama lile bati ni chuma. Akasema si chuma, ni alumini, nyepesi, haishiki kutu.

“Kwa hiyo ni sufuria,” nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mihogo.

Watu wakacheka, na hapo ndipo nilipoharibikiwa, kwa sababu mtu akichekewa mara moja na umati huanza kujiona ana kipaji. Nikazunguka gari. Nikasema juu ni turubai, kama kibanda cha mnadani. Nikasema boliti zinaonekana nje, fundi hakuona hata haya ya kuzificha. Nikakunja kioo cha mbele, kikalala juu ya boneti, nikawatazama watu kwa huzuni ya daktari. Kisha nikashika mlango wa kushoto ili niutikise nione unavyocheza, nikauinua kidogo tu, na mlango mzima ukachomoka kwenye bawaba ukabaki mkononi mwangu.

Jamani, furaha niliyoipata. Niliuinua juu ya kichwa. Niliwahutubia watu juu ya uimara, juu ya tamaa ya wenye viwanda, juu ya sisi watu wa kusini kuletewa vitu visivyofungwa sawasawa, na niliwataka waseme wenyewe kama wamewahi kuona nyumba ambayo mlango wake hutoka na mgeni. Nilimwona mjomba ameinamisha kichwa. Nilidhani ananionea fahari.

Bwana Shomari alingoja nimalize, kisha akasema taratibu, “Umetengenezwa utoke, bwana mdogo. Ukiinua unatoka, ukishusha unaingia. Kuna watu hupenda upepo.”

Hapo palikuwa na njia ya kurudi, pana kabisa. Ningesema kumbe, nikacheka, nikaurudisha mlango wa watu mahali pake, na leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Badala yake nikasema (na bado sijui maneno yale yalitoka wapi) kwamba kama ni hivyo basi tusiurudishe, twende hivyohivyo hadi Matambarale, kwa sababu gari imara halihitaji mlango ili lithibitishe uimara wake. Mjomba akaniomba niurudishe. Nikamwambia huu ndio utaratibu wa kisayansi. Akauchukua mlango mwenyewe, akaulaza nyuma kwa adabu kama anayelaza mtoto.

Tukaondoka, Bwana Shomari akiendesha, mjomba katikati, mimi pembeni kwenye uwazi niliouumba mwenyewe. Njia nzima nilikuwa nimeinama nje, mkono mmoja umeshika kiti, nikichunguza gurudumu la mbele na kutangaza matokeo. Hapa linatetemeka. Hapa nimesikia mlio. Vumbi lilinijaa kinywani, lakini halikunizuia kusema, na ninaambiwa ndicho kitu pekee kilichomstaajabisha Bwana Shomari safari nzima.

Karibu na Matambarale kuna kijito ambacho hata kiangazi hakikauki, kina tope la kijivu la kunata na ukingo uliosimama wima. Bwana Shomari akavuta fimbo ndogo ya gia karibu na goti, akatwambia tushike vizuri. Mjomba akashika. Mimi nilikuwa katikati ya sentensi. Ilikuwa inahusu fremu, na nilikuwa nimejitokeza nje hadi kiunoni ili nione itakavyojipinda, gari likainua pua, likatikisika mara moja kama ng'ombe anayefukuza inzi, nami nikatoka.

Nililala topeni chali nikiitazama sehemu ya chini ya gari ikipanda ukingo bila shida yoyote. Nakiri ilikuwa imefungwa vizuri.

Waligundua sipo walipofika juu, kwa sababu ya ukimya. Mjomba akarudi kwa miguu. Nilijaribu kusimama, kifundo cha mguu kikakataa. Njia ile ilikuwa nyembamba, gari halikuweza kugeuka, na uwanja wa sherehe ulikuwa juu palepale. Mjomba akachuchumaa mbele yangu, akasema, “Panda.” Nikamwambia mjomba, wewe ni mtu mzima. Akasema yeye hakuuliza umri.

Nikapanda mabegani mwake.

Mnajua watoto huku hutokaje jandoni. Hubebwa mabegani na wajomba zao, miguu isiguse ardhi, nyuso zimefunikwa wasitambulike. Akina mama walikuwa wamejipanga tangu asubuhi wakingoja, wamesikia ngurumo ya gari, wametazama njiani, na wameona nini? Wamemwona Mzee Mpitu anapanda kilima, mabegani kabeba kitu kimepakwa kijivu kuanzia utosini, uso hautambulikani, miguu inaning'inia. Vigelegele vilivyopasuka pale sijawahi kuvisikia tena. Ngoma zikaanza. Bibi mmoja asiyeona vizuri akanimwagia unga kichwani huku ananiombea kwa Kimwera nikue, nipate mke, niache utoto. Nikajaribu kueleza kwamba kuna kosa, lakini mwenye kutoka jandoni hasemi, kwa hiyo kila nilipofungua kinywa walizidisha ngoma ili wanifunike aibu.

Mama yangu ndiye aliyenitambua, kwa viatu. Akanitazama juu mpaka chini, akawageukia wenzake.

“Huyu nilishamtoa jando miaka mingi,” akasema. “Sijui amerudi kufanya nini.”

Mjomba akanishusha kwenye mkeka. Alikuwa anahema, na Bwana Shomari alikuwa amesimama kando akisubiri jibu, maana jioni ilikuwa inakaribia na yule mfanyabiashara wa mjini alikuwa bado anangoja kule Nachingwea. Nikaona nisiache kazi niliyotumwa. Nikamwambia mjomba, hata kama nimeumia, haki isemwe, lile gari lina kasoro.

“Gari limefika zima,” mjomba akasema. “Hata mlango ulioutoa umefika. Kilichodondoka ni wewe.”

Akamgeukia Bwana Shomari, wakashikana mikono, gari likawa letu. Kisha Bwana Shomari akautoa na mlango wa pili, akavua turubai, akakilaza kioo, kila nilichokiita ubovu akakiondoa kwa mikono miwili bila hata spana, ili akina mama wawaone watoto wao kutoka kila upande. Vijana wakaketi juu ya sufuria ile na kuingizwa nyumbani taratibu, mjomba akitembea mbele yao, amenyoosha mgongo, akilia bila kujificha. Mimi niliyaona hayo nikiwa nimetumbukiza mguu kwenye beseni la maji ya chumvi, unga bado uko masikioni.

Siachi kuhoji, hilo msilitarajie. Ila nimejiapiza kwamba siku nyingine nitahoji baada ya kuuliza kitu kimetengenezwa kifanye nini, na nitauliza nikiwa nimekaa ndani na mlango umefungwa. Mpaka leo watu wa Ruangwa wakitaka kununua gari huja kwa mjomba kuulizia uimara wa lile. Huwa hawaniulizi mimi, na wanafanya vizuri, kwa sababu mimi nililisafiria nusu tu. Wanaolijua ni wale waliobaki ndani.