Mnamlilia Nani?

Hadi leo, ndege ndogo ikinguruma juu ya paa langu, naacha nilichoshika na kuisikiliza mpaka ipotee kabisa.

Miaka ile ya tisini, nyumbani kwetu, mtaa wa Jericho, tulikuwa na rubani. Haya, hakuwa rubani kamili; kaka yangu Wafula alikuwa bado mwanafunzi, lakini nani angewaambia vijana wa mtaa? Akipita tu, "Niaje, pailoti!" naye kidevu juu, shati likinuka mafuta ya ndege. Nilikuwa mtoto wa miaka minane na nilimpenda kuliko sukari.

Siku hiyo aliruka peke yake, bila mwalimu. Upepo ulivuma kutoka ubavuni. Ndege ilipoanza kuinuka, bawa moja likapanda, naye kwa ugeni wake akashindwa kulituliza. Ikaacha njia, ikapinduka majanini.

Habari ilifika kwetu kabla yake, tena imeongezwa chumvi: rubani amekufa. Kufikia saa kumi majirani walikuwa wameleta mabenchi, wanawake wanaimba nyimbo za maombolezo, Mama anagaagaa chini. Ndipo Wafula akaingia uani, mkono umefungwa plasta.

"Mama, ni mimi. Mnamlilia nani?"

Nyimbo zilikatika. Shangazi, aliyezishika mila za kwetu magharibi kuliko sisi sote, akaruka katikati.

"Asiguswe! Ameshaliliwa huyu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mkimshika kabla ya wazee kumtakasa, kifo kitarudi kumaliza kazi."

Wafula akaketi kwenye benchi, na waliokuwa wameketi hapo wakainuka mmoja mmoja. Nilitaka kumkimbilia, nikashikwa. Mama alisimama mlangoni, mikono yote miwili ameiviringisha ndani ya leso. Nilimchukia siku hiyo, nawaambia kweli. Wafula alimtazama mpaka akachoka, akainamia viatu vyake.

Wazee walikuja kesho yake, jogoo akachinjwa, ndipo Wafula akaingia nyumbani. Lakini hakuruka tena. Alipata kazi mbali, na hata Krismasi alikuja kama mgeni, anakaa karibu na mlango.

Miaka mingi baadaye mwanangu wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati. Wauguzi wakamweka ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto, wakanikataza kumshika. Nilisimama pale nikilia, mikono inaniwasha, na kwa mara ya kwanza nikamwelewa Mama: alijifunga mikono ili mwanawe aishi. Wafula alidhani hatakiwi.

Nilitamani kumwambia. Lakini tulikuwa tumeshamzika, safari hii kweli.