Bwana Mto na Nchi Isiyo na Mto

Siku ile mjinga alikuwa yeye, wala hatafuti mwingine wa kumbebesha lawama. Aliandika ombi la ruzuku la kurasa arobaini, akaeleza kwa ufasaha masaibu ya wakazi wa kingo za mto. Nchi yao ni kisiwa kidogo. Haina mto.

"Nilinakili ombi la wenzetu wa bara, nikabadilisha majina, mto nikausahau," anasema mtafuta ruzuku huyu wa kituo cha utafiti wa jamii, akicheka hadi miwani inamteleza. "Wafadhili wakajibu kwa upole: tunaomba ramani ya mto huo."

Tangu hapo ofisi nzima inamwita Bwana Mto. Anaitika.

Asubuhi hii hayupo kwenye meza yake kando ya printa inayokohoa. Amesimama uani kwa mama yake, suruali kaikunja hadi magotini, akimwonyesha mjumbe wa wafadhili mahali lilipokuwa jiko. Bahari imelila. Imebaki sakafu, na sakafu yenyewe inalambwa.

Ombi la safari hii halina mto. Kituo kinataka kukaa na familia za ufukweni na kuziuliza: maji yakizidi, mngependa kwenda wapi, na jirani gani, na makaburi yenu myafanyeje? Likikataliwa, mkataba wake na wa wadodosaji wanne unakwisha mwezi huu.

"Kazi hii ni kama kuposa," anasema. "Unaoga, unajipuliza manukato, unasifu ukoo wa watu, kisha unaambiwa binti bado anasoma. Katika maombi kumi, nikipata mawili nalala usingizi."

Aliingia kituoni akiwa karani wa chapa. Profesa wao, sasa marehemu, alitunga maombi akitembea hadi dirishani na kurudi, yeye akigonga mashine. Herufi moja ikikosewa, ukurasa unaanza upya. Ombi lilikwenda kwa meli, na jibu lilipofika walikuwa wameshasahau waliomba nini.

"Tulikuwa na subira," anasema. Kisha ananyoosha kidole majini. "Na pale tulikuwa na uwanja."

Maji yakitoka, mlingoti mmoja wa goli bado unachungulia. Ndipo alipofunga bao lake la pekee maishani, kwenye goli la timu yake. Angependa kustaafu akiwa amepata ruzuku hii, ili wajukuu wasimulie uwanja huo kutoka mahali walipopachagua wenyewe.

Mjumbe, kijana mwenye adabu, anakohoa kidogo. Anasema mtaa wote unaenea katika ukumbi mmoja, na fedha za kuuliza maswali zingetosha kujenga nyumba kule mlimani. Watu wachache hivi, kwa nini wasihamishwe tu?

Bwana Mto anafungua mkoba. Swali hili ameshalijibu kwa majedwali mara nyingi mno. Leo karatasi anazitoa nusu tu, maana nyuma yake mama anaanika nguo kwenye kamba ambayo mwaka huu imeshahamishwa mara tatu.

"Mwanangu, rudisha makaratasi yako," mama anamwambia, akibana shuka la mwisho. Kisha anamgeukia mgeni.

"Na kwenu, baba, mko wangapi, hata mama yako apate haki ya kuulizwa kabla ya kuhamishwa?"